Sare ya sendoff na mwili baada ya mtoto: dada wa Mafinga soma hapa kabla hujaenda kwa fundi

Kamwene dada, hongera ya mtoto. Nimeurudia uzi wako mara mbili. Umesema mtoto wa pili ana miezi saba, una mabega mapana na hipsi ndogo, tumbo halijarudi, kamati imeamua sare ni kitenge mshono wa samaki, sendoff iko Njombe mwezi wa saba, na wifi yako kakwambia ufunge mkaja kwanza upungue ndo uende kwa fundi. Alaf ukamalizia kwamba siku hizi kila ukivaa unaona kama umevaa gunia, hilo ndo limenifanya nikae niandike.

Mimi niko Mbeya, nina watoto watatu, na hili limenipata mwenyewe. Baada ya wa pili mdogo wangu alikua anaolewa, nikapewa kitenge nikampelekea fundi wa karibu na nyumbani. Ilikua mwezi wa sita, baridi ya huku mnaijua, nimevaa sweta zito, na yule fundi akanipima juu ya sweta nami nikanyamaza. Gauni lilivyokuja mabega yameshuka mpaka kwenye mkono, kifua kinaelea, huku chini kwenye magoti limebana mpaka siwezi kupanda bajaji bila kulipandisha. Siku ya shughuli nilikaa kwenye kiti kuanzia saa moja mpaka saa tano usiku na mtandio mapajani, hata keki sikwenda kulishwa. Na nilivyorudi nyumbani nililia nikauchukia mwili wangu, yaani fundi sikumlaumu hata kidogo, nililaumu tumbo.

Karibu mwaka mzima nikawa navaa madira tu na koti juu. Kilichonitoa huko ni mama mmoja fundi pale Mwanjelwa, mtu mzima, nilimpelekea lile lile gauni alikate liwe shati la mtoto. Akalitazama akaniambia "vua sweta, livae nilione." Nikavaa. Akashika bega kwa vidole viwili, akalivuta juu mpaka mshono ukakaa pale mfupa wa bega unapoishia, akachoma pini, bega la pili hivo hivo. Inchi moja na nusu kila upande. Nikajiona kwenye kioo chake, dada naapa hakuna kingine alichogusa lakini kifua kilikaa mahali pake na kiuno kikaonekana, kumbe nilikua nacho muda wote! Akasema "mwanangu mwili wako hauna kosa, bega la nguo ndo limeanguka." Hayo maneno ninayo mpaka leo.

Kwaiyo la kwanza mkaja wa wifi uache, kama unaufunga kwa ajili ya mgongo ni mambo mengine ila usiufunge ili ufae nguo. Nenda na mwili ulionao wiki hii. Ukishonesha gauni la mwili unaoutarajia mwezi wa saba alaf usipungue, utaishia kama mimi na mtandio mapajani, na ukipungua fundi anapunguza kwa nusu saa, kupunguza nguo ni rahisi ila kuongeza kitenge kilichokatwa haiwezekani kama hakuacha nafasi kwenye mishono. Mwambie aache inchi moja ndani kila upande.

Siku ya kupimwa vaa ile sidiria utakayoivaa siku yenyewe. Na kwa vile unanyonyesha nenda maziwa yakiwa yamejaa, mimi kifua kilikua kinatofautiana karibu inchi mbili kabla na baada ya mtoto kunyonya. Mwombe akupime kiuno na hipsi umesimama alaf umekaa. Kitenge cha pamba hakivutiki kama taiti, mimi nikisimama kiuno 34 nikikaa 36 na nusu, fundi akichukua ile ya kusimama peke yake zipu itapasuka mezani. Alaf zipu aweke mbele au vifungo, usikubali ya mgongoni, mtoto wa miezi saba hatokusubiri mpaka zawadi ziishe.

Kuhusu mshono wenyewe, ongea na kamati. Mara nyingi wanachotaka ni kitambaa kifanane, mshono kila mtu anaweza kuuweka anavyopenda ukiwaambia mapema kwa upole. Samaki inabana hipsi na mapaja alaf inafunguka kwenye magoti, mwenye mabega mapana na hipsi ndogo inamfanya aonekane mzito juu mwembamba chini. Wewe ukiniuliza mimi ningesema shingo ya V, mikono ya kawaida isiyo na marinda begani (yale maputo ya begani wewe waachie wengine), ikate juu kidogo ya kiuno pale chini ya kifua ulipo mwembamba, kisha sketi ifunguke taratibu mpaka chini. Tumbo linapita humo bila kubanwa na hipsi zinapata upana. Kama kitenge kina maua makubwa mwombe ayaelekeze kwenye sketi, ua moja kubwa lisikae katikati ya tumbo, hili mafundi wengi hawaliwazi mpaka uwaambie wakati wa kukata.

Na baridi jamani. Ushauri mwingi wa mavazi unatoka Dar ambako mtu anavaa gauni jepesi basi, sisi huku juu tunavaa sweta, koti na shuka, na hapo ndo shepu inapotea. Njombe usiku mwezi wa saba huwezi kukaa bila kitu. Vaa fulana nyembamba ya mikono mirefu na taiti ndani, ila pimwa nazo, juu weka kikoti kinachoishia kiunoni au kirefu kinachopita hipsi. Kikiishia katikati ya tumbo ndo macho yote yanakwenda hapo.

Za mitumba usiumie na namba ya kwenye lebo, 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, belo moja lina nguo za nchi tofauti. Nenda na futi kamba upime nguo.

Huku kwetu ukinenepa bibi anakwambia umenawiri na anamaanisha, alaf mtu wa rika lako anakuuliza mbona umefutuka. Mi nimechagua kumsikiliza bibi.

Kitambaa umeshapewa au bado? Kama bado omba yadi moja ya ziada leo leo, kabla mweka hazina hajafunga hesabu, sketi ya kufunguka inakula kitambaa kuliko samaki.