Maswali ya Wasomaji: Chupa Kuukuu na Mji Ulioandikwa Ubavuni

SWALI: Nimefukua chupa ya soda. Ubavuni ina jina la kiwanda nisichokijua na jina la mji mdogo. Kwenye kitako kuna herufi mbili tu. Nitajuaje ni ya lini, na kiwanda kilikuwa cha nani?

JIBU: Jina liache kwanza, anza na mdomo. Pitisha ukucha juu ya mshono wa kalibu, yaani mstari ulioachwa na umbo ambamo kioo kiliundwa, kutoka begani kwenda juu. Mshono ukipotea shingoni, chupa ilipulizwa na fundi, kisha mdomo ukamaliziwa kwa mkono; kazi hiyo ndiyo iliyofuta mshono. Ukifika hadi ukingoni, ni ya mashine. Mashine ya Michael Owens ya Marekani, iliyoanza kazi mapema miaka ya 1900, huacha pia kovu la duara kwenye kitako, aghalabu limekaa upande.

Halafu angalia ilizibwaje. Shingo iliyobanwa yenye gololi ndani ni ubunifu wa Hiram Codd, Mwingereza, wa mapema miaka ya 1870. Kizibo cha bati chenye meno, kile cha soda hadi leo, kilipata hataza mwaka 1892. Basi chupa yenye mdomo wa kizibo hicho lakini mshono wake unaishia shingoni haiwezi kutangulia 1892, na kwa kawaida haivuki sana miaka ya 1910.

Sasa jina. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele. Mara nyingi utaona mstari hafifu wa duara ukizunguka maandishi. Hapo ndipo kibati cha kubadilisha, chenye jina la mteja, kilipopachikwa ndani ya kalibu: kiwanda cha kioo kilikuwa na kalibu moja, kikabadilisha kibati tu kwa kila mteja. Bila ujanja huo mjaza soda wa mji mdogo asingemudu chupa yenye jina lake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mji wa ubavuni ni mahali soda ilipojazwa. Herufi za kitako kwa kawaida ni za aliyetengeneza kioo, pengine mbali sana. Usizichanganye.

Ukishapata muongo, tafuta jina kwenye orodha za kale za wafanyabiashara, matangazo ya magazeti na daftari za leseni. Pitia mwaka baada ya mwaka, uandike jina lilipotokea mara ya kwanza na lilipotoweka. Anwani au mwenye mali akibadilika, andika pia. Ila kumbuka chupa zilirudishwa na kujazwa tena: pete ya mikwaruzo kwenye sehemu pana ya mwili ni alama ya safari nyingi, hivyo huenda ilitumika miaka mingi baada ya kutengenezwa.

SWALI: Yangu ina ukungu mweupe usiotoka. Nitumie nini?

JIBU: Ilowanishe. Ukungu ukipotea ikiwa imelowa na kurudi ikikauka, kioo chenyewe kimelika, si uchafu, sabuni haitasaidia. Tope lililo ndani, tia mchele mkavu kiganja kimoja na maji ya vuguvugu yenye sabuni, utikise. Usitumie mchanga wala maji ya moto, kioo baridi hupasuka. Jina likiwa la rangi iliyochapwa, mtindo uliosambaa miaka ya 1930, usiliguse kwa asidi wala steelwaya.