Unafuatilia madhara ya pombe na unga? Anza kwa kufuta majina

Nilipoanza kujitolea kwenye hii kazi ya kurekodi madhara ya pombe na madawa ya kulevya nilikua najiona mjanja kweli, nikachukua daftari nikawa naandika na majina kabisa, fulani kalewa kaanguka, fulani kazidisha unga. Siku moja nikalisahau mezani, mtu akalifungua, basi. Kuanzia hapo hata niliozoeana nao wakiniona wanabadilisha stori. Karibu mwaka mzima kurudisha imani ya watu na sidhani kama ilirudi yote.

Kwahiyo majina achana nayo. Andika kilichotokea, wapi, saa ngapi, alitumia nini. Kule Cardiff, mji wa Wales huko Uingereza, daktari wa upasuaji Jonathan Shepherd aligundua kwamba wengi waliokua wanaletwa hospitali baada ya kupigwa, polisi hawana habari zao kabisa, ikabidi mapokezi wawe wanamuuliza mgonjwa kapigiwa wapi, saa ngapi, na silaha gani, halafu taarifa inaenda kwa polisi na serikali ya mji bila jina. Maswali matatu tu, na yanaonyesha mtaa gani uangaliwe usiku gani!

Kosa langu lingine ni kuhesabu waliokamatwa. Hiyo inakuambia polisi walizunguka kiasi gani wiki ile, haikuambii nani kaumia. Anaekunywa kimya kimya ndani akampiga mkewe nani atamkamata? Nenda kwa nesi wa zamu ya usiku, dereva wa ambulensi, mfamasia, mwalimu anaeona mtoto anasinzia kila jumatatu. Mochwari pia, ila kwa tahadhari, cheti kinaandikwa ini au ajali ya gari, pombe haitajwi. Ndo maana WHO (Shirika la Afya Duniani) wanakadiria ni sehemu gani ya ajali, saratani na magonjwa mengine imeletwa na pombe, na kwa mwaka 2019 wakapata vifo milioni 2.6 duniani.

Ukikaa na mtu usimuulize "wewe mlevi?", atakataa, hata mimi ningekataa. Muulize mara ngapi, na siku akinywa anakunywa kiasi gani. Dodoso la AUDIT la WHO lina maswali 10 ya namna hiyo, akifika alama 8 ujue unywaji umeanza kuwa wa hatari.

Namba zikipanda usikimbilie kupiga kelele. Kuna mwezi tulipata nesi anaeandika vizuri, visa vikawa kama mara mbili, mtaani hakuna kilichobadilika.

Kitu ambacho sisubiri mwisho wa mwezi ni wakizidisha watu wawili watatu sehemu moja ndani ya siku chache, hapo inawezekana kabisa kuna mzigo wa ajabu umeingia. Nawapigia saa hiyohiyo wenye naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha, inasaidia kwa heroini na jamii yake tu, sio kwa kila kitu) halafu nawatafuta watumiaji wenyewe niwatahadharishe, na mara nyingi nakuta wao wameshaambiana tangu jana.