Somo la ishara linapoganda kwenye simu

SWALI (mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa): Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ni kiziwi, yuko Gredi ya 4 katika shule ya bweni. Tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, tuko naye nyumbani Kilifi. Mwalimu wake anawafundisha kwa simu ya video ya WhatsApp, lakini picha inaganda, vidole havionekani sawasawa, na bando linaisha kabla ya somo. Masomo ya redio hayamfai. Kwenye yale ya televisheni, mkalimani amewekwa kwenye kisanduku kidogo pembeni. Nifanyeje? – Mzazi, Kilifi

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza achaneni na simu ya moja kwa moja. Anayesikia, picha ikiganda, bado anashika maneno. Kwa binti yako picha ndiyo maneno yenyewe. Kiwango cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kinataka picha 20 au zaidi kwa kila sekunde ili ishara zisomeke vizuri. Zikiwa chini ya 12, mtoto anabaki kubahatisha. Mtandao ukilegea, simu ya watu wengi kwa pamoja hushuka hapo upesi.

Mwombe mwalimu arekodi vipande vya dakika 2 au 3 na kuvituma. Mnavipakua mara moja, hata kwa bando la usiku, kisha mtoto anavirudia apendavyo. Programu ya VLC inaweza kupunguza mwendo wa video, na hilo husaidia sana kwenye tahajia ya vidole, yaani kutaja neno herufi moja moja kwa vidole. Halafu yeye naye ajirekodi akijibu. Msilirukie hili: mwalimu asipoiona mikono yake, hawezi kumsahihisha.

Ukungu kwenye vidole mara nyingi ni shida ya mwanga. Chumba kikiwa na giza, kamera huchukua muda mrefu zaidi kunasa kila picha, na mkono unaotembea unaacha kivuli. Anayerekodi aelekee dirisha, asilipe mgongo. Avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake. Simu iegemezwe kwenye kopo, isishikwe mkononi, na ionyeshe kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa, viwiko vikiwa ndani. Barakoa ivuliwe anaporekodi akiwa peke yake, maana nyusi na mdomo ni sehemu ya sarufi: uso ndio unaoonyesha kama hilo ni swali au ni taarifa.

Kwa televisheni, msogeze karibu na skrini amtazame mkalimani tu. Hawezi kusoma ishara na ubao kwa wakati mmoja. Wewe nakili yaliyo ubaoni, myapitie baadaye.

Hili hukuliuliza, mama, lakini linanihangaisha kuliko bando. Watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na lugha yao wanaipatia bwenini, kwa wenzao. Miezi hii yuko nyumbani ambako huenda hakuna anayezungumza naye zaidi ya kuashiria chakula na maji. Hesabu atazifidia shule zikifunguliwa. Kukaa muda wote huo bila mtu wa kusimulizana naye kunamuumiza leo. Mfanye yeye awe mwalimu wenu. Kila siku awafundishe ishara chache, wewe, baba na ndugu zake, na mzitumie pale pale mezani, hata mkikosea. Akiinua mikono kueleza jambo refu, msimpe karatasi aandike. Mtazameni mpaka amalize.