Kufukiza wadudu nyumbani: ukungu unafika wapi, na usipofika ufanye nini

Kopo la kufukiza, lile linalotoa dawa yake yote lenyewe kama ukungu ukishalibonyeza, likishamaliza kazi, vaa glavu upitishe kidole juu ya meza. Utakuta utando mwembamba wenye mafuta. Sasa pitisha kidole kingine upande wa chini wa meza hiyohiyo: pakavu. Dawa hupanda hewani, ikatanda chumbani, kisha ikaanguka. Haitambai kwenda kwenye nyufa wala haipindi kona kumfuata mdudu alikojificha.

Kwa hiyo ukungu huu unafaa kwa mbu, nzi, nondo na viroboto waliokomaa walioko sakafuni, yaani wadudu walio wazi wakati dawa inaanguka. Mende aliyejibana nyuma ya friji hapati kitu. Kunguni aliye kwenye mshono wa godoro ndiyo kabisa. Tena makopo mengi yana dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo humkera mdudu hata zikimfikia kwa kiasi kidogo kisichomuua. Mende huhamia ukutani au chumba cha pili, na tatizo lililokuwa jikoni linaenea nyumba nzima. Kama shida yako ni mende, tumia jeli ya chambo kwa vitone vidogo kwenye bawaba za kabati na kando ya mabomba. Kama ni kunguni, fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60 na upitishe mvuke wa moto kwenye mishono na mbao za kitanda. Kopo la kufukiza usilinunue kabisa kwa ajili ya hao wawili.

Ukiamua kufukiza, anza na hesabu. Zidisha urefu wa chumba kwa upana, kisha kwa kimo. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye dari la mita 2.8 kina mita za ujazo 39.2. Lebo ikisema kopo linatosha mita za ujazo 60, basi moja limezidi tayari. Watu wengi hukosea hapa: wanaweka mawili au matatu wakidhani wingi wa dawa utaifikisha kwenye nyufa. Haifiki. Kinachozidi ni sumu iliyobaki juu ya vitu, na gesi.

Hiyo gesi ndiyo inayolipua nyumba. Kinachosukuma dawa itoke koponi mara nyingi ni butani na propani, gesi zilezile za kupikia. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini na kusubiri cheche. Cheche hiyo inaweza kutoka kwenye friji inapojiwasha yenyewe, kwenye swichi ya taa, au kwenye ule moto mdogo unaowaka muda wote ndani ya hita ya maji ya gesi. Zima jiko, mkaa, mishumaa na hita, kisha zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa kopo. Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi, kwa hiyo chakula kisikutie wasiwasi. Usiweke kopo ndani ya kabati, chini ya meza, wala kwenye chumba kidogo kama stoo au bafu. Gesi hurundikana haraka mno humo.

Toa au funika vyakula, vyombo, ndoo za maji, miswaki, matandiko na vitu vya kuchezea vya watoto. Watu wote na wanyama wote watoke. Samaki hufa kwa kiasi kidogo sana cha pairethroidi, na paka hudhurika vibaya kwa permethrini, mojawapo ya dawa za jamii hiyo, kwa hiyo usiseme “atajificha chumba cha pili.” Tangi la samaki lisipobebeka, chumba hicho usikifukize.

Weka kigoda katikati ya chumba, tandika magazeti kadhaa juu yake yatokeze pembeni, kwa sababu matone mazito huanguka karibu na kopo na kuacha madoa. Funga madirisha. Funguo ziwe mfukoni na viatu viwe mguuni kabla ya kubonyeza. Tikisa kopo, elekeza mdomo wake mbali na uso, bonyeza hadi kitufe kikwame, liweke, toka. Vyumba vikiwa viwili, anza na kilicho mbali na mlango wa kutokea. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huu.

Kaa nje muda ulioandikwa kwenye lebo, kwa kawaida saa 2 hadi 4. Ukirudi, usiwashe taa. Fungua milango na madirisha yote, utoke tena, uache hewa ipite saa nzima au zaidi kama lebo inavyotaka. Ndipo urudishe umeme. Futa kwa maji na sabuni meza, sehemu za kuandalia chakula, vishikio vya milango, na sakafu yote anayotambaa mtoto.

Mtu akikohoa, akiumwa kichwa au akichefuka, mpeleke kwenye hewa safi mara moja. Dawa ikiingia machoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15. Akiimeza, usimtapishe, maana mafuta yaliyomo yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali pamoja na kopo lenyewe ili daktari asome lebo.

Kwa viroboto, mara moja haitoshi. Kiroboto mchanga aliye bado ndani ya kifukofuko hadhuriki na ukungu, hivyo wapya watatokea siku zinazofuata hata kama ulifanya kila kitu sawasawa. Chagua kopo lenye methoprini au pairiproksifeni, dawa zinazozuia mabuu yasikomae. Siku hiyohiyo mtibu mnyama aliyewaleta, kwa dawa yake mwenyewe. Kisha piga vakyumu zulia kila siku: mtikisiko wake huwaamsha walio ndani ya vifukofuko, wakatoka na kukutana na dawa iliyobaki. Rudia kufukiza baada ya wiki 2 kama lebo inaruhusu.