Majivu ya Volkano Si Majivu ya Jikoni: Kwa Vijana Mnaoanza Fildi ya Udongo Tabora

Wadogo zangu, nianze na kosa langu. Mwaka wa kwanza maabara mikono yangu ilishazoea udongo wa huku, kichanga cha Sikonge na Urambo ambacho ukikianika siku mbili kiko tayari kuchekechwa. Zikaletwa sampuli kutoka mashamba ya Rungwe, chini ya mlima wa volkano: nyeusi, nyepesi mkononi. Nikazitia zote kwenye oveni, isipokuwa bonge moja lililosahaulika mfukoni. Majibu yakaonyesha mfinyanzi kiduchu, karibu sawa na kichanga chetu. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi akachukua lile bonge, akaliminya, likateleza kama lina mafuta. Akaniuliza, "Mchanga huu?"

Kioo cha volkano, yaani lava iliyopoa ghafla, kikioza kwa miaka mingi huzaa madini yanayoitwa alofani, chembe ndogo mno zinazoshika maji mengi. Ukizikausha sana hugandana, na hata uzilowanishe tena hazirudi zilivyokuwa. Kipimo kinakudanganya, na wewe unamdanganya mkulima.

Kosa la pili ni la lugha. Sote tumekua tukiona bibi akimwaga majivu ya kuni kwenye mchicha, na yanasaidia kweli, kwa kuwa yana potasiamu na hupunguza uchachu wa udongo kama chokaa. Basi tukisikia "majivu ya volkano" tunadhani ni yaleyale. Siyo. Hayajaungua popote, ni mwamba na kioo vilivyosagwa na nguvu ya gesi. Yakiwa bado angani hupita katikati ya asidi za salfa, klorini na florini, zikayaganda juu kama chumvi. Mvua ya kwanza inaziosha na kuziingiza ardhini. Ndiyo maana mara baada ya mlipuko pH ya udongo wa juu (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) inaweza kushuka, hasa pale penye mchanga usio na nguvu ya kuzuia asidi. Salfa inayobaki ni chakula cha mmea, lakini floraidi kwenye majani ni sumu kwa mifugo: mlipuko wa Laki kule Iceland mwaka 1783 uliua sehemu kubwa ya mifugo ya nchi nzima. Naitrojeni karibu hamna kabisa, kwa hiyo anayesema ni mbolea ya bure mwambieni asubiri.

Ol Doinyo Lengai ni habari nyingine. Lava yake imejaa kabonati za sodiamu, yaani ndugu wa magadi mnayotilia maharage. Majivu yenye magadi hayo hupandisha pH badala ya kuishusha. Kwa hiyo kabla ya kusema majivu yamefanya nini, uliza ni ya mlima gani.

Najua Tabora hakuna volkano. Sampuli husafiri, na ninyi pia mtahamishwa. Kesho uko Tukuyu, kulekule Rungwe, na mazoea ya huku.

Fosforasi ndiyo inayowaaibisha wengi. Udongo uliotokana na majivu una alumini na chuma vilivyo tayari kuishika fosfati na kutoiachia. Mkulima anamwaga TSP, mbolea ya fosfati, mahindi yanabaki na majani ya zambarau. Huko usimshauri atawanye shamba zima. Aweke karibu na mbegu, na mboji isikosekane.

Halafu hesabu ya uzito wa udongo, maana maabara hupima kwa kilo ya udongo na mkulima huweka mbolea kwa hekta. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 2,000. Kwa kichanga chetu chenye uzito wa gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo, hiyo ni tani 3,000 za udongo. Kwa udongo wa majivu wenye 0.8 ni tani 1,600 tu. Ukikariri ile 3,000 kwa kila udongo, mapendekezo yako ya mbolea yatakuwa karibu mara mbili ya ukweli.

Ukitaka kujua haraka kama kuna alofani, changanya udongo na maji ya sodiamu floraidi upime pH. Ikipita 9.5 ndani ya dakika chache, shuku alofani. Ila udongo wenye kabonati nao hupandisha pH hiyo, kwa hiyo sampuli ya upande wa Lengai itakucheka. Dondoshea asidi kidogo kwanza uone kama inatoa povu.

Kwenye mfuko andika kina na tarehe, na kama majivu ni mapya, mvua imenyesha mara ngapi tangu yaanguke. Hili la mvua halimo kwenye fomu. Andika pembeni kwa kalamu.

Zile za Rungwe niliomba upya. Zilichukua wiki tatu kufika, na safari hii nusu ya kila mfuko niliifunga na unyevu wake.