Mazda ya paa la turubai mnadani: mita inasoma 31,000

SWALI: Kuna Mazda MX-5 ya 1990 itakayopigwa mnada hapa Nairobi wiki ijayo. Mita inasoma 31,000. Wanaturuhusu kuiona yadini siku moja kabla, lakini si kuiendesha. Niangalie nini? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Kwanza soma mita ni ya maili au ya kilomita, ndugu yetu. Kama gari lilitoka Uingereza, hizo ni maili, yaani karibu kilomita 50,000. Kisha tazama mpira wa pedali ya klachi, usukani na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Pedali iliyolika ikawa laini haiendani na namba hiyo.

Sisi tungeogopa maji kuliko kilomita. Mvua ikinyesha juu ya paa, maji hukusanyika nyuma ya viti na kushuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, hadi chini mbele ya tairi za nyuma. Majani na vumbi vikiiziba, maji huingia kwenye zulia na ndani ya bodi, na kutu huanza mahali usipopaona. Omba ruhusa umwage nusu lita polepole kila upande. Yasipotoka chini, shuku. Bonyeza zulia kwa kiganja, kisha lala chini na tochi ukague bodi kati ya mlango na tairi ya nyuma. Sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba isiposhika hapo, umekutana na puti, ile lipu ya kuficha kutu. Ukitaka kukunja paa, fungua kwanza zipu ya dirisha la nyuma. Lile ni plastiki, na likizeeka hupasuka likikunjwa. Paa jipya usilitarajie kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Utaagiza nje, hivyo liingize kwenye hesabu yako.

Injini ya lita 1.6 ya miaka ya mwanzo, hadi 1991, ina udhaifu wake: ncha ya mbele ya krenki (shafti kuu ya injini) ni fupi, na boliti yake ikilegea, funguo, yaani kipande cha chuma kinachoishika puli, na mfereji wake hulika, puli ikaanza kuyumba. Puli yenye mianya minne ni ya ncha fupi. Yenye minane ni ya ile iliyorekebishwa. Kama gari halijasimama miaka mingi, omba injini iwashwe, uitazame puli ikizunguka. Ikiyumba, punguza gharama ya krenki kwenye dau lako, au achana na gari.

Karatasi: tafuta taarifa za gari NTSA (mamlaka ya usafiri) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone jina la mmiliki na kama kuna mkopo juu yake. Namba ya chesisi ilingane na ya logibuku. Dalali akuandikie nani ataanzisha uhamisho wa umiliki.

SWALI: Nikilinunua na limesimama miaka mingi, niliwashe tu niende nalo? – Huyohuyo

JIBU: La, likokotwe. Mwaga petroli ya zamani, badilisha oili na filta, toa plagi nne, tia kijiko kidogo cha oili kila silinda, uiache usiku mzima. Kesho yake zungusha injini kwa spana ya mkono kabla ya kugusa swichi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yatolewe yote. Taiming belti na mipira ya redieta ibadilishwe hata kama inaonekana mizima, kwa sababu mpira huzeeka gari likiwa limesimama. Toa gharama hizo zote kwenye bei yako ya mwisho, uiandike kwenye karatasi kabla hujainua mkono.