Vipimo Safi, Tumbo Bado Linauma

Maswali ya wiki hii yametoka kandokando ya Ziwa Victoria, na yote ni ya tumbo.

Shikamoo daktari. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Tumbo linaninyonga, nikienda chooni napata nafuu, kesho linaanza upya. Nimepima choo, damu, altrasaundi, mpaka kamera. Naambiwa sina kitu. Sasa naumwa nini?

Marahaba mama. Unaumwa kweli. Vipimo hivyo vinatafuta kidonda, uvimbe au minyoo. Hakuna hata kimoja kinachopima jinsi utumbo unavyohisi. Utumbo una mishipa yake ya fahamu inayopeleka taarifa kwenye ubongo muda wote, na kwa watu wengi gesi kidogo hupita bila wao kujua. Kwa mwenye tatizo ambalo kwenye cheti huandikwa IBS (kifupi cha Kiingereza, maana yake utumbo unaokereka upesi), gesi ileile huuma. Mwaka 1973 mtafiti Ritchie alijaza hewa kwenye puto dogo ndani ya utumbo mpana, na wenye IBS walio wengi wakapata maumivu kwa ujazo ambao watu wasio na IBS karibu wote waliuvumilia. Usihangaike kutafuta kipimo hicho, kimebaki kwa watafiti.

Daktari huitambua IBS hasa kwa maelezo yako. Vigezo vya Rome vya mwaka 2016, ambavyo madaktari hutumia kuitambua IBS, vinataka maumivu ya walau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, tatizo liwe limeanza miezi 6 nyuma au zaidi, na maumivu yaambatane na mawili kati ya haya: yanahusiana na kwenda haja kubwa, unakwenda mara nyingi au chache kuliko zamani, choo kimebadilika sura. Kwa hiyo usione haya. Ukisema choo ni kigumu kama cha mbuzi, au ni uji mtupu, umemsaidia daktari kuliko altrasaundi ya tatu.

Niko Igoma. Huu mwaka wa pili tumbo linavuruga, sina homa, lakini kila nikipima naambiwa taifodi. Nimeshakunywa dawa mpaka nimechoka.

Nami nimechoka kusoma barua za namna hii. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kupimia taifodi, kinatafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kubaki damuni muda mrefu baada ya ugonjwa kupona. Taifodi ni ugonjwa wa homa. Tumbo la miaka miwili bila homa halifanani nayo. Anayeishuku kweli aoteshe damu maabara, ionekane kama ina vijidudu vya taifodi. Na antibayotiki za mfululizo zenyewe huharisha. Usimeze dozi nyingine kabla hujaonana na daktari atakayekusikiliza tangu mwanzo.

Mimi mvuvi, Ukerewe. Tumbo linauma, naharisha, na safari hii nimeona damu. Je, ndiyo hiyo IBS?

Hapana, usijipe jina hilo. IBS haitoi damu. Wewe unashinda majini, kwa hiyo anza na kichocho cha matumbo. Peleka choo cha siku mbili au tatu tofauti, maana mayai ya kichocho yakiwa machache sampuli moja huyakosa. Kipo pia kipimo cha mkojo cha kijiti. Kikionekana, dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa uzito wa mwili, lakini ukirudi majini unaweza kuambukizwa tena. Kisipoonekana na damu ikaendelea, omba rufaa hospitali ya Sekou Toure au Bugando, Mwanza. Vivyo hivyo kwa yeyote anayekonda bila sababu, anayeamshwa usiku na kuharisha, mwenye upungufu wa damu, au ambaye tumbo limeanza kumsumbua akiwa amevuka miaka 50.

Mama mkwe anasema ni mawazo tu.

Mpe shikamoo yake, lakini hilo "tu" aliondoe. Mawazo hukoleza maumivu kwa sababu ubongo na utumbo vinaongea, ila maumivu hayajabuniwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa dawa iitwayo amitriptilini, ya dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku, iliwasaidia wagonjwa wa IBS kuliko vidonge visivyo na dawa. Huandikwa na daktari, usiinunue kienyeji.

Niache maharage?

Jaribu wiki mbili, kisha uyarudishe uone. Baadaye fanya hivyo kwa maziwa, halafu kitunguu, kimoja kimoja. Sato na ugali wa mahindi endelea navyo.